Migingo: Askari wa Uganda waondoke, lakini maji je?

Katika ufuo wa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, Kaunti ya Migori, nilimkuta mzee mmoja ameketi kivulini mwa mashua iliyopinduliwa akishona wavu. Tulisalimiana kwa Kijaluo, akaniuliza nimetoka wapi na ni mwana wa nani, na alipoarifiwa kwamba ninafundisha isimu katika chuo kikuu aliuweka wavu chini. "Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu, "kumbe Mungu amekuleta. Kila tunapowauliza wakubwa habari za Migingo, tunajibiwa kwamba kisiwa kinasimamiwa na nchi mbili kwa pamoja. Wewe uliyesomea maneno, hebu nieleze, hilo pamoja lina maana gani? Maana samaki huchukuliwa na upande mmoja, na hasara hurudi nyumbani kwa upande mmoja." Neno hilo alilitamka kwa Kiswahili, kama alivyolisikia barazani.

Nilimjibu kisomi. Nilimweleza kwamba pa- ni kiambishi cha mahali na -moja ni moja, hivyo kwa asili neno lenyewe lataja watu waliokutana mahali pamoja. Mzee alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mahali penyewe anapajua sana. Anachotaka kujua ni nani amemkalia mwenziwe. Nakiri sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Wasomaji walio mbali na ziwa huenda wamekisahau kisa chenyewe, maana kimechakaa magazetini. Migingo ni mwamba uliochomoza majini, wenye ukubwa wa takribani mita za mraba 2,000, yaani nusu eka tu, kipande ambacho mkulima wa Rongo angeona haya kumkodishia mtu. Umefunikwa kwa vibanda vya mabati vilivyobanana hivi kwamba ukiutazama kwa mbali huoni jiwe, unaona paa. Humo wanaishi mamia ya watu: wavuvi, wanunuzi wa samaki, wenye mikahawa, wenye baa, vinyozi. Wengi wao ni Wakenya. Kutoka Sori, mashua ya injini huchukua kama saa mbili kufika, upepo ukikubali. Wavuvi wa Kenya husimulia kwamba wa kwanza wao walihamia pale mwaka 1991, wakakuta magugu, ndege na nyoka. Mwaka 2004 askari wa majini wa Uganda waliwasili, wakapiga hema na kupandisha bendera ya nchi yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda wavuvi dhidi ya maharamia wa ziwani, na sababu hiyo haikuwa uongo mtupu, kama nitakavyoeleza.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu amekaa miaka zaidi ya 20, na mwenye kulima ni mwenyeji.

Mwaka 2009 mgogoro ulipamba moto. Wabunge wetu walipaza sauti, wengine wakitaka jeshi lipelekwe ziwani. Marais Mwai Kibaki na Yoweri Museveni walikubaliana kwamba wapima ardhi wa nchi zote mbili waende wakapime. Kazi ilianza, wenzetu wa Uganda wakajitoa kabla haijakamilika, na mwishoni mwa Julai mwaka huo wapima wa Kenya wakatangaza kwamba mwamba uko mita 510 ndani ya Kenya. Mwaka 2016 iliundwa tume nyingine ya pande mbili. Haikuleta uamuzi, na tangu hapo neno la mzee wa Sori ndilo linalotawala: pamoja.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asinitafute. Askari wa Uganda waondoke Migingo, na serikali ya Kenya iwatake waondoke kwa maandishi yenye tarehe. Lakini nasema vilevile kwamba wakiondoka mwambani, na mambo ya majini yakabaki yalivyo, mvuvi wa Sori na mvuvi wa Mbita hawatakuwa wamepata kitu.

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kusoma maneno yaliyoandikwa na kuuliza yanasema nini, na katika suala hili maneno yaliyoandikwa ni machache na ni bayana. Mpaka wa Kenya na Uganda ziwani ulielezwa katika Amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926. Mstari unaanzia majini kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, unapanda kaskazini hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kutoka hapo unanyooka hadi ncha ya magharibi kabisa ya kisiwa cha Ilemba, kisha ya Kiringiti, kisha ya Mageta, ndipo unapokata kuelekea kaskazini-magharibi. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalijui ni kwamba visiwa hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo, vimetajwa katika Jedwali la Pili la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Kwa hiyo hatuna hati mbili zinazoshindana. Tunayo hati moja, na wakubwa wa Kampala wameapa kuilinda.

Jina la Migingo halimo katika orodha hiyo. Yamkini mwaka 1926 hapakuwa na karani aliyeona kwamba mwamba wa ndege unastahili tone la wino. Lakini Pyramid, kilicho kilomita mbili hivi kusini ya Migingo, kimo. Na Usingo, kilicho jirani kabisa upande wa mashariki, hakina anayekigombea. Swali la Migingo basi ni kazi ya rula. Chora mstari kutoka Pyramid hadi Ilemba, utazame mwamba umeangukia upande gani. Bunduki iliyosimama juu ya mwamba haiongezi wala haipunguzi hata mita moja katika mstari ule.

Kutoka Sori nilirudi Homa Bay, ambako nilikaa siku mbili kwa shughuli za ukoo. La kushangaza ni kwamba huko nilikuta watu wakizungumza habari za Migingo kama msiba wa jirani: unasikitika, unatoa rambirambi, unaendelea na shughuli zako. "Hayo ni ya watu wa Nyatike," mfanyabiashara mmoja wa samaki aliniambia tukiwa karibu na gati. Nilimwomba karatasi aliyokuwa akiandikia mizani, nikamchorea ule mstari wa 1926, nikamwuliza kama anazijua Ilemba na Kiringiti. Alitikisa kichwa. Nilipomtajia Remba na Ringiti alicheka, maana ndiko samaki wake wanakotoka.

Hapa naomba ruhusa ya kutia neno la taaluma yangu. Majina Kiringiti na Ringiti ni jina moja. Nadhani karani wa zamani aliliandika kama alivyolisikia kwa wasemaji wa lugha ya Kibantu, pamoja na kiambishi chake ki-, ambacho kila mwanafunzi wa Kiswahili anakitambua. Wajaluo, ambao lugha yao haina ngeli za namna hiyo, wakawa hawana haja nacho. Olusuba, lugha ya jadi ya watu wa Mfangano na Rusinga, ni ndugu wa Luganda na Lusoga, na mapokeo ya Wasuba yanasimulia kwamba wazee wao walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga. Leo wajukuu wao wengi huzungumza Kijaluo. Mtu wa Rusinga anapoambiwa kwamba Mganda ni mgeni asiyehusiana naye, lugha ya bibi yake inakataa. Nayasema haya kwa makusudi, ili nisieleweke kwamba nawachochea watu wa ufuo mmoja dhidi ya wa ufuo mwingine. Mgogoro wa Migingo haukuanzishwa na wavuvi.

Nirudi kwenye karatasi ya mfanyabiashara wa Homa Bay. Mstari unaofungwa Pyramid, mbele ya Migori, ndio unaofungwa Remba na Ringiti, mbele ya Homa Bay, na Mageta, mbele ya Siaya. Kamba ni moja. Anayekubali ilegezwe kwa sababu askari wamekaa Migingo muda mrefu, amekwisha kukubali kwamba askari wakikaa Remba muda mrefu, kamba italegezwa huko pia. Watu wa Homa Bay hawana sababu ya kutoa rambirambi. Wana sababu ya kuhudhuria.

Wapo wanaorudi nyuma zaidi ya 1926. Ni kweli kwamba hadi mwaka 1902 ufuo huu wetu, Kisumu ikiwemo, ulihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda; Waingereza waliuhamisha kwa kalamu tarehe 1 Aprili mwaka huo. Idi Amin aliikumbuka kalamu hiyo mnamo Februari 1976 akadai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, Mzee Kenyatta akacharuka, na Amin akayameza maneno yake. Lakini viongozi wa Afrika walikwisha kuliziba tundu hilo mjini Cairo mwaka 1964, walipokubaliana kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoirithi siku ya uhuru. Mipaka tuliyoirithi sisi na Uganda ni ile ya 1926. Sioni haja ya kusema zaidi.

Hoja nzito ni nyingine, na ilitolewa na Rais Museveni mwenyewe. Mwezi wa Mei 2009 alikiri kwamba kisiwa kiko Kenya, akashikilia kwamba maji wanayovua Wakenya ni ya Uganda. Huku kwetu kauli hiyo ilipokelewa kwa hasira na kejeli. Mimi naiona kuwa miongoni mwa kauli za kweli zilizopata kutolewa kuhusu jambo hili, na nusu zake zote mbili zinastahili kuchukuliwa kwa uzito.

Tuanze na nusu ya pili, kwa kuwa ndiyo inayotuuma. Kenya ina takribani asilimia 6 tu ya ziwa lenye kilomita za mraba karibu 68,800. Ikiwa mwamba uko mita 510 kutoka mpakani, basi mashua ya injini inayotoka Migingo kuelekea magharibi huingia Uganda kabla nahodha hajamaliza kuwasha sigara. Mbuta, ambao ndugu zetu wa Mwanza huwaita sangara, wakubwa wao wako huko kwenye maji ya kina. Kila mtu aliyepata kukaa Sori jioni moja anajua kwamba wavuvi wetu huvuka. Wanasiasa wetu hawapendi kulitamka hilo mbele ya wapiga kura. Samaki wamepungua, bei imepanda, na kibofu cha mbuta peke yake kimekuwa bidhaa ya kusafirishwa hadi Uchina kwa thamani inayoipita nyama. Mtu mwenye karo ya watoto haulizi digrii za longitudo.

Uganda basi ina haki ya kulinda samaki walio katika maji yake. Sina ubishi. Lakini haki hiyo inatekelezwa majini, kutoka upande wake wa mstari. Mwenye shamba ana haki ya kumfukuza ng'ombe wa jirani aliyeingia kwenye mahindi. Hana haki ya kupiga kambi uani kwa jirani ili amwone ng'ombe anapoamka. Na hapa ndipo nusu ya kwanza ya kauli ya Rais Museveni inapomfunga: kisiwa kikiwa kiko Kenya, askari wake wanafanya nini pale? Hawawezi kuwa pale kwa ajili ya maji, kwa sababu mwamba si maji.

Mzee wa Sori alinisimulia kilichomkuta. Alisimamishwa usiku akiwa, kwa hesabu yake, bado upande wa Kenya. Mstari wa mpaka hauonekani usiku, wala mchana hauonekani. Kulikuwa na taa kali na sauti ya kumwamuru azime injini. Hakuona sare vizuri na hakutajiwa jina. Samaki walihamishiwa boti nyingine, nyavu zikachukuliwa, na injini ikarudi baada ya siku nne kwa fedha ambazo mwanawe alilazimika kukopa. Sikuwepo, na siwezi kuapa kwamba mashua yake ilikuwa upande anaoutaja. Lakini nilipomwuliza kama alipelekwa mahakamani alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama alipelekwa mwezini. "Risiti," alisema. "Hata wangenipa risiti ningejua nimeadhibiwa na serikali." Neno hilo alilirudia mara tatu.

Simlaumu Mganda wa kawaida. Uganda ilipowatuma wanajeshi kwenye maziwa yake mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu, waliolia kwanza walikuwa wavuvi wa Uganda wenyewe, kwa vipigo na mashua zilizochomwa. Mwanajeshi amefunzwa kupambana na adui. Ukimpa kazi ya kupima matundu ya nyavu, atamtafuta adui katika nyavu.

Niliahidi kueleza habari za maharamia. Baadhi ya watu niliozungumza nao Sori, na hasa wenye maduka waliowahi kuishi Migingo, waliniambia jambo ambalo halisemwi mikutanoni: kwamba kabla ya askari wa Uganda kuja, usiku wa ziwani ulikuwa wa wezi wa injini, na kwamba serikali ya Kenya haikuonekana. Askari wa kigeni waliikuta nafasi wazi wakaijaza. Mama mmoja aliyekuwa na mkahawa huko alisema hamchukii aliyeweka bendera, anamchukia aliyechelewa. Sijui mwanasiasa gani atathubutu kumjibu mama huyo. Hoja yake haibadilishi mpaka, lakini inabadilisha namna ya kuondoka, kwa sababu askari wakiondoka leo usiku na kesho asubuhi hapana wa kushika zamu, wezi watakuwa wa kwanza kufurahi.

Tutumie neno gani kwa hali hii? Magazeti yetu hupenda uvamizi. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 husema kwamba nchi huhesabiwa kuwa imekaliwa pale inapokuwa kwa hakika chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitumia kanuni hiyo tarehe 19 Desemba 2005, ilipoamua kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, mashariki mwa Kongo, na mwezi wa Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Migingo si Ituri. Ituri watu waliuawa kwa maelfu, na anayezilinganisha anawakosea heshima waliokufa. Uganda si adui yetu, na kwa miaka mingi polisi wa nchi zote mbili wamekaa mwamba mmoja. Kwa hiyo neno la haki ni kukalia, kwa maana yake ya nyumbani: kukaa juu ya kitu cha mwenzio. Tukianza kusema vita, tutaishia kuwapa wanajeshi kazi iliyokuwa ya wapima.

Mfano unaotufaa uko upande wa pili wa bara. Rasi ya Bakassi, kati ya Nigeria na Kamerun, ni nchi ya mikoko na wavuvi. Askari wa Nigeria walikuwa wameikalia, na wakazi wengi walikuwa Wanigeria. Mwezi wa Oktoba 2002 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba rasi ni ya Kamerun kwa mujibu wa maandishi ya enzi za ukoloni, na kwamba kukaa kwa Nigeria pale, hata kukiwa kwa muda gani, hakufuti maandishi. Wengi walitabiri vita. Badala yake, chini ya usimamizi wa Kofi Annan, marais wa nchi hizo walitia saini makubaliano ya Greentree tarehe 12 Juni 2006. Askari walipewa siku 60, na mwezi wa Agosti mwaka huo wakaondoka. Utawala wa kiraia wa Nigeria uliachiwa sehemu ndogo hadi Agosti 2008, na wakazi wakawekewa miaka ya mpito ili wasifukuzwe wala kulazimishwa kubadili uraia. Haikuwa kazi safi. Wanigeria wengi wa Bakassi walinung'unika na wengine walihama. Lakini askari waliondoka kwa tarehe iliyoandikwa, na samaki wakaendelea kuvuliwa.

Nauliza: Nigeria, yenye jeshi kubwa na mafuta baharini, iliweza kuondoka kwenye rasi nzima. Uganda itashindwaje kuondoka kwenye nusu eka?

Sehemu ya jibu, ole wetu, iko Nairobi. Mwaka 2021 Mahakama ilipoamua kesi ya mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, serikali yetu ilikuwa imekwisha kujitoa kwenye kesi, na uamuzi ulipotoka mwezi wa Oktoba ikaukataa. Sasa tutakwenda The Hague kwa miguu ipi kumshtaki Uganda? Isitoshe, mwezi wa Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka kuingia Somalia. Baadaye, mwaka 2012, waliingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na serikali ya Mogadishu ilikubali. Idhini ya mwenye nyumba inatofautisha mambo; ndiyo sababu sisemi kwamba Somalia na Migingo ni kitu kimoja. Lakini Msomali wa Kismayu anayesoma makala haya ana haki ya kuniuliza kama nimewahi kuandika juu ya askari wetu kwa ukali ninaowaandikia wa jirani. Sijawahi. Na Mganda mwenye kumbukumbu atanitajia Kagera: jinsi Amin alivyoikalia mwaka 1978, jinsi jeshi la Tanzania lilivyomwondoa na kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na jinsi askari wale wale waliopokewa kwa vigelegele walivyobaki hadi mwaka 1981, vigelegele vikiwa vimekwisha zamani.

Sehemu nyingine ya jibu ni biashara. Uganda ni miongoni mwa wateja wakubwa wa bidhaa zetu, na shehena yake hupitia Mombasa. Wakubwa wetu wanapopima malori ya saruji na mafuta dhidi ya mwamba wa vibanda vya mabati, mizani inalala upande mmoja. Nalielewa hilo. Nisichokielewa ni kwa nini hesabu hiyo inafanywa na watu ambao hawajawahi kupoteza wavu. Wala siamini kwamba biashara itavunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 hasa ili majirani waweze kuambiana maneno magumu bila kufunga mpaka.

Kwa hiyo yaandikwe haya. Wapima wa nchi zote mbili warudi, wamalize kazi ya 2009 kwa kutumia maandishi ambayo nchi zote mbili zinayakubali, na safari hii wasiruhusiwe kurudi nyumbani kwa mashauriano. Maboya yawekwe majini ili mtu ajue amevuka. Siku maboya yanapowekwa, askari wa Uganda wahamie upande wao, na polisi wa Kenya washike zamu Migingo usiku huo huo, wakiwa na mashua inayowaka, si ile inayongoja petroli kutoka makao makuu. Waganda wanaoishi na kufanya biashara Migingo wabaki, bila kusumbuliwa na mtu yeyote anayejiona mzalendo. Kazi ya kukagua nyavu na leseni ifanywe na maofisa wa uvuvi wa pande zote, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo nchi za ziwa hili ziliafikiana kuliunda mjini Kisumu mwaka 1994 na ambalo makao yake, kwa bahati njema, yako Jinja. Mvuvi wa Kenya aliyekamatwa upande wa Uganda afikishwe kwa hakimu, na akitozwa apewe ile risiti. Naye wetu aliyezoea kuvuka na kurudi akidai ameonewa, tuache kumtetea.

Najua litakaloleta ugumu. Uganda itasema kwamba kuondoka ni kukiri. Lakini Rais wake alikwisha kukiri mwaka 2009. Kilichobaki ni kufungasha. Kenya nayo itapenda kuendelea kusema pamoja, neno lisilomlazimu waziri yeyote kupanda mashua.

Jioni niliyoondoka Sori, vijana watatu walikuwa wakipakia barafu na petroli kwenye mashua ya mzee, kwa kuwa yeye siku hizi haendi. Niliwauliza wanaelekea wapi. Mmoja alielekeza kidevu magharibi, akasema wataamua wakifika, kutegemea taa watakayoiona kwanza ni ya nani.